Tofauti ya Siku Moja

Nilikuwa nimeketi kwenye duka la kutengeneza simu, hapa Nairobi mjini, nikingoja skrini yangu ibadilishwe. Pembeni palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wadogo, kila mmoja na mstari wa buluu unaong'aa utadhani ana stima ndani. Nilimuuliza fundi wanaitwaje.

"Hizo zote ni neoni, buda."

Nikasogea karibu. Baadhi yao walikuwa na wekundu unaoanzia katikati ya mwili hadi mkiani. Wengine walikuwa wekundu upande wote wa chini, kuanzia karibu na kichwa. Nikamwambia hawafanani.

"Hizo zingine zimekula vizuri tu," akasema, bila kuinua macho kutoka kwa simu yangu.

Nilicheka, lakini usiku huo sikulala mapema. Nilianza kusoma, jambo moja likanivuta hadi lingine, na kabla ya saa saba usiku nilikuwa nimefika kwenye mzozo wa mwaka 1956 uliowakutanisha chuo kikuu, jumba la makumbusho la taifa na mwenye jarida la wafugaji samaki. Mzozo wenyewe ulihusu siku moja. Ndiyo stori ninayotaka kuwapa. Kwanza, ila, lazima tujue tetra ni nani.

Neno "tetra" ni kifupi cha Tetragonopterus, jina ambalo Mfaransa Georges Cuvier alilipa kundi moja la samaki wa Amerika Kusini mwaka 1816. Kwa Kigiriki lina maana ya pezi lenye pembe nne. Baadaye wafugaji walilikata wakabaki na kichwa chake, kisha wakalipachika kwa karibu kila samaki mdogo wa mto anayefanana na hao. Kwa hiyo tetra si jina la ukoo mmoja. Ni kama tunavyosema "mtu wa mtaa": inakuambia kidogo kuhusu anakoishi na anavyoonekana, haikuambii baba yake ni nani.

Hata hivyo, kuna dalili za kuwatambua. Tetra wengi wana pezi dogo la nyama mgongoni, kati ya pezi kubwa na mkia, pezi ambalo halina miiba ndani. Wana meno kwenye taya, na mara nyingi jino moja lina ncha kadhaa. Ndani ya mwili wana mnyororo wa vifupa vidogo unaounganisha kifuko cha hewa na sikio la ndani, na kwa sababu hiyo husikia vizuri sana. Chukua omena wetu wa Ziwa Victoria umlinganishe: omena naye ana vifupa hivyo vya kusikia, lakini pezi lile dogo la nyama hana, na taya zake hazina meno. Omena ni wa upande wa samaki wale wa Ulaya waitwao kapu. Udogo na kung'aa havitoshi kuwafanya watu kuwa ndugu.

Kazi ya kuwapanga tetra wa Amerika ilifanywa zaidi Indiana, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Kiongozi wake alikuwa Carl Eigenmann, mzaliwa wa Ujerumani, aliyesafiri hadi Guyana ya Waingereza mwaka 1908 kukusanya samaki. Mkewe, Rosa Smith Eigenmann, alikuwa mtaalamu wa samaki kwa haki yake mwenyewe na waliandika pamoja. Katika kundi hilo la Indiana alikuwemo pia mwanafunzi aliyeitwa Marion Durbin. Mwaka 1908 ndiye aliyetoa jina la jenasi Hyphessobrycon, ambayo leo ina spishi zaidi ya 100. Ukiona kwenye vitabu "Durbin" na mahali pengine "Ellis", usidhani ni watu wawili. Aliolewa, na kazi zake za baadaye zikabeba jina la mume.

Walitenganishaje samaki wa sentimita tatu? Walitumia vitu unavyoweza kuvihesabu kwa sindano na kioo cha kukuza. Ubavuni mwa samaki wengi kuna mstari wa vitundu vinavyohisi mtikisiko wa maji. Kwa tetra wengi wadogo mstari huo haufiki mkiani, unaishia njiani. Basi wale wenye mstari mfupi wakagawanywa tena: mwenye magamba madogo juu ya shina la pezi la mkia ni Hemigrammus, asiye nayo ni Hyphessobrycon. Rahisi, safi. Shida ni kwamba magamba yanaweza kupotea katika koo tofauti zisizohusiana, na mstari unaweza kufupika mara nyingi, kila mahali kivyake. Ni kama kupanga Wakenya kwa saizi ya viatu. Makundi utayapata, lakini familia hutazipata.

Ndani ya utaratibu huo ndipo neoni alipoingia.

Miaka ya 1930, Mfaransa aitwaye Auguste Rabaut alitoa samaki hawa Amazon ya juu, upande wa Peru, wakafika Paris na kisha Ujerumani. Walipotua Marekani, William Innes wa Philadelphia alikuwa mtu mkubwa katika hobi hiyo. Alikuwa mchapishaji, mwenye jarida la The Aquarium na kitabu maarufu cha samaki wa kigeni kilichotoka 1935. Samaki walipelekwa kwa George Myers, aliyewahi kufanya kazi na Eigenmann. Mwaka 1936 Myers aliwaandika rasmi: Hyphessobrycon innesi. Herufi ile ya mwisho, i, ndiyo inayosema "wa Innes". Kama angekuwa mwanamke ingekuwa ae, ndiyo maana tetra mdogo wa rangi ya kaa la moto anaitwa Hyphessobrycon amandae, kwa heshima ya Amanda Bleher, mama wa msafiri Heiko Bleher.

Jina la mtaani, neoni, lilitoka kwenye taa. Taa za neoni zilionyeshwa Paris mwaka 1910, na kufikia miaka ya 1930 zilikuwa zimejaa kwenye madirisha ya maduka na kumbi za sinema. Mtu wa mjini aliyemwona samaki huyu hakuwa na mfano mwingine karibu.

Lakini samaki hana taa. Ule mstari hautoi mwanga wowote, na buluu yenyewe haitoki kwenye rangi. Ndani ya seli za ngozi kuna vibamba vyembamba sana vya fuwele, vimepangwa kwa tabaka zenye nafasi kati yake. Mwanga ukigonga tabaka hizo unarudi, na nafasi kati ya vibamba ndiyo huamua ni rangi gani itakayorudi kwa nguvu. Samaki anaweza kuinamisha vibamba hivyo, kama unavyogeuza vipande vya pazia la ofisini, na rangi ikabadilika. Usiku, taa zikizimwa, mstari hufifia na kuelekea zambarau. Ukiwasha ghafla utadhani ni wagonjwa. Ngoja kidogo tu, buluu itarudi.

Sasa turudi kwa wale "waliokula vizuri".

Miaka ishirini baada ya neoni, samaki mwingine alianza kufika Marekani kutoka Rio Negro, mto wa maji meusi unaoingia Amazon karibu na Manaus. Alikuwa na buluu ileile, lakini wekundu wake ulipita mwili wote. Wafanyabiashara wakachanganyikiwa kwa furaha. Wataalamu wakajua kwamba wana spishi isiyo na jina.

Kwa wanyama, jina si mali ya aliyemwona kwanza, wala aliyemvua, wala aliyemla. Ni mali ya aliyechapisha kwanza maelezo yanayokubalika. Hiyo ndiyo sheria kuu, na inalindwa na Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1895. Majina mawili yakigombania mnyama mmoja, la kale ndilo hushinda. Kwa kawaida tofauti ni ya miaka, wakati mwingine ya karne.

Upande wa kwanza walikuwa Myers, ambaye sasa alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, na mwanafunzi wake Stanley Weitzman. Walimwita Hyphessobrycon cardinalis, kwa ajili ya wekundu wa mavazi ya makadinali. Makala yao ilitoka kwenye jarida la kitaalamu la chuo hicho, tarehe 21 Februari 1956.

Upande wa pili alikuwa Leonard Schultz wa makumbusho ya taifa mjini Washington. Yeye alimwita Cheirodon axelrodi, kwa heshima ya Herbert Axelrod, mchapishaji kama Innes, tena mwenye jarida la Tropical Fish Hobbyist. Na maelezo ya Schultz yalitoka wapi? Kwenye jarida hilohilo la Axelrod. Tarehe? 20 Februari 1956.

Siku moja.

Fikiria uko Stanford. Umehesabu magamba, umehesabu miiba ya mapezi, umechora meno, umelinganisha na kila samaki wa karibu aliyehifadhiwa kwenye chupa. Kisha unaambiwa kwamba jana yake tu, jarida la wafugaji limechapisha jina lingine, na jina lenyewe ni la mwenye jarida. Mzozo ulifika mbele ya Tume. Mwaka 1957, katika uamuzi namba 485, Tume ilitumia mamlaka yake na kusema jina axelrodi litangulie. Cardinalis likawekwa kando. Ndiyo maana leo samaki huyu ni kadinali mtaani, na Axelrod kwenye karatasi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka nyanya yangu. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari. Yeye mwenyewe husema alizaliwa wakati wa mavuno, na kwao mavuno hayaji Januari. Karani alitaka tarehe, nyanya hakuwa nayo, karani akampa. Kijijini kwao wazee wengi wana tarehe hiyohiyo. Mwaka mpya ukiingia, nusu ya kijiji inaongeza umri siku moja. Tumecheka sana kuhusu jambo hili. Lakini alipokuwa akifuatilia pesa za wazee, hakuna aliyemuuliza kuhusu mavuno. Waliuliza karatasi inasemaje.

Sisemi kwamba sheria ya utangulizi ni mbaya. Bila hiyo, samaki mmoja angekuwa na majina matano katika nchi tano, na mtafiti wa Brazili asingejua kama anazungumzia kitu kimoja na mwenzake wa Japani. Inabidi mstari uchorwe mahali. Ninachosema ni kwamba tarehe inathibitisha jambo moja tu: karatasi ilitoka lini. Haithibitishi nani alimjua samaki.

Na kumjua samaki kulichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1960 Mfaransa Jacques Géry alimtoa neoni kwenye Hyphessobrycon na kumpa jenasi mpya, Paracheirodon. Mwaka 1963 akaeleza spishi ya tatu, simulans, neoni wa kijani: mdogo zaidi, wekundu wake hafifu, na mstari wa buluu unaoenda hadi kwenye shina la mkia. Kwa miaka mingi hawa watatu waliishi katika jenasi tatu tofauti kwenye vitabu, huku kila mtu mwenye macho akiona wanafanana.

Mwaka 1983 watafiti wawili walichapisha kazi ndefu iliyowaweka wote watatu pamoja ndani ya Paracheirodon. Hawakutegemea buluu peke yake. Walichunguza pia mifupa na misuli. Mmoja alikuwa William Fink. Mwingine alikuwa Stanley Weitzman, yuleyule mwanafunzi wa 1956. Alikuwa amehamia Washington, na alikuwa miongoni mwa watu waliowajua tetra wadogo kuliko wote duniani. Katika kazi hiyo, kila alipohitaji kumtaja kadinali, ilimbidi aandike axelrodi.

Leo jina kamili huandikwa Paracheirodon axelrodi (Schultz, 1956). Mabano yale si mapambo. Yanakuambia kwamba Schultz alitoa jina la spishi, lakini jenasi aliyomweka haikusimama. Neoni naye ana mabano kwa Myers, na simulans ana mabano kwa Géry. Aliyewapatanisha wote watatu hayumo kwenye jina lolote kati ya hayo. Ndivyo sheria ilivyo: anayetaja jina la kwanza huandikwa, anayerekebisha huwekwa kwenye marejeo.

Na usidhani kufanana kwao kunamaanisha kwamba ni samaki mmoja aliyekula vizuri. Neoni ana kromosomu 32. Kadinali ana 52. Fundi wangu angeshangaa.

Axelrod aliendelea kuheshimiwa na wataalamu wa samaki, wakampa majina ya spishi nyingi na hata jenasi nzima, Axelrodia. Mwaka 2004 alishtakiwa Marekani katika kesi ya kodi, akaenda Cuba, akakamatwa Ujerumani, na mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Jina la samaki halikuguswa. Sheria za majina hazina kipengele cha tabia. Axelrod na Weitzman walifariki mwaka mmoja, 2017.

Uainishaji nao haukukaa. Mwaka 2024, utafiti mkubwa wa vinasaba uliivunja familia ya Characidae kuwa familia nne, na kina neoni wakahamia Acestrorhamphidae. Sindano na magamba ya mkia vilikuwa vimetupa ramani ya kuanzia, lakini mipaka yake mingi haikuwa ya kweli. Kumbe hata Hyphessobrycon ya Durbin, kwa upana wake wote, ilikuwa zaidi ya kapu la wasio na kwao kuliko familia.

Majina yote niliyotaja mpaka hapa ni ya watu waliokuwa na karatasi. Twende sasa Barcelos, mji wa Brazili ulio kando ya Rio Negro, takriban kilomita 400 juu ya Manaus. Huko samaki wadogo huitwa piaba, neno lenye asili ya Kitupi, na wanaowavua huitwa piabeiro. Mto ukifurika unaingia msituni, na kadinali wanaingia nao, wanakula na kujificha katikati ya mizizi na majani yaliyozama. Piabeiro huingia kwa mtumbwi hadi humo na kuwavua hai kwa wavu mpana wa mkono. Maji yale ni meusi kama chai ya rangi, yana asidi nyingi na madini machache sana. Ni lazima ujue kijito gani, mwezi gani, kivuli cha mti gani.

Kwa miongo mingi, kadinali wengi waliouzwa duniani walitoka huko, kwa sababu ni vigumu kuwazalisha kuliko neoni, ambao wengi siku hizi hutoka kwenye mabwawa ya Asia. Wapo watafiti wanaosema biashara hiyo, ikifanywa kwa uangalifu, inaulinda msitu: samaki wengi hufa hata hivyo maji yakikauka, na mvuvi anayeishi kwa samaki hai ana sababu ya kutokata miti. Barcelos ina hata tamasha la samaki wa mapambo, ambapo mji hugawanyika timu mbili, moja ya kadinali na nyingine ya samaki mviringo aitwaye disko. Watu wamevaa rangi za samaki, wanaimba na kushindana. Hakuna timu ya axelrodi.

Na sisi je? Tuna ndugu wa mbali wa samaki hawa hapahapa. Afrika na Amerika Kusini ziliwahi kuwa ardhi moja, zikaachana kabisa miaka takriban milioni 100 iliyopita, na oda ya kina tetra iko pande zote mbili. Yule samaki mwenye meno kama misumari wa Ziwa Turkana, Hydrocynus, ni wa ukoo huo. Katika ziwa hilohilo yumo pia Brycinus minutus, samaki mdogo wa fedha asiyepatikana kwingine kokote duniani. Jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1982 na watafiti wawili wa jina la Hopson, na linamaanisha "mdogo" tu. Hakuna mwenye jarida ndani yake. Nililifurahia, kisha nikajiuliza wavuvi wa Turkana wanamwitaje, na nikagundua kwamba siku zote nilizosoma kuhusu samaki wa Rio Negro, sikuwahi kuuliza swali hilo kuhusu ziwa la nchi yangu. Sasa nimeanza kuuliza.

Wiki iliyopita nilirudi kwa fundi, simu imekufa tena. Nilimwonyesha wekundu unapoanzia kwa huyu, na unapoanzia kwa yule. Akainama kwenye kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo hii inaitwa?"

"Kadinali."

"Nani aliiita hivyo?"

Nikavuta stuli, nikaketi.